Kaskazi ina rodi yake, kusi ina yake

Huku kwetu kuanzia Kilifi mpaka Malindi mwaka una bahari mbili, ya kaskazi na ya kusi, na mtu akiniuliza anunue rodi gani (fimbo ya kuvulia) na rili gani (kile kifaa cha kukunjia mshipi) mi humrudishia swali: utavua mwezi gani, na unamtaka samaki gani? Wengine huona nawazungusha. Lakini nimefanya ubaharia kwenye boti za kuvulisha wageni miaka mingi, na boti zikipandishwa juu kupakwa rangi wakati wa kusi mi hubaki nikivua zangu kriki, ile mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na ufuoni, kwa hiyo vifaa vya pande zote mbili vimepita mikononi mwangu, vya matajiri na vya kuokoteza, na nakwambia rodi ya bei kubwa ikitolewa msimu usio wake ni fimbo ya kuchungia mbuzi tu.

Nianze na kaskazi maana ndo yenye jina. Huu upepo unaingia mwezi wa 11 kuelekea wa 12, unavuma mpaka wa 3 hivi, maji yanakuwa masafi ya buluu halafu ya joto, na sulisuli wanafika. Wazee husema samaki anakuja na upepo na hawajakosea, maana mkondo wa pwani yetu hii kawaida unapanda kwenda juu, lakini kaskazi ikivuma kuna mkondo mwingine unateremka kutoka Somalia, hiyo miwili inakutana huko upande wa Malindi na Lamu, maji ya chini yanapanda na chakula chake, dagaa wanajaa kwenye ule mwinuko unaoitwa North Kenya Banks na wakubwa wanawafuata. Sulisuli kilele chake ni mwezi wa 12 na wa 1. Nduaro ye hupenda kuchelewa kidogo, hapo mwezi wa 1 mpaka wa 3 ndo unamtegemea zaidi.

Sasa sulisuli wa huku wengi ni wa kilo 25, 30, akigonga 40 hiyo ni habari ya kijiji. Mgeni akimwona kwenye picha, ule urefu unaopita mtu mzima, anataka apewe rodi nene kama mlingoti, na hapo ndo tunaanza kubishana. Huyu samaki ni mrefu lakini mwembamba, hapigani kwa uzito, anapigana kwa mbio na kuruka. Rodi ya thati inamtosha kabisa, na wanaomjua vizuri wanatumia twenti. Kwenye boti tunahesabu hivyo, twenti, thati, fifti, eiti, yaani pauni ambazo mshipi unavumilia kabla haujakatika, thati ni kama kilo 15.

Kinachofanya rodi laini imfae sulisuli ni namna anavyokula. Tunakokota chambo nyuma ya boti, chuchungi mzima au kipande cha tumbo la samaki kimeshonwa vizuri, na sulisuli akija hali mara moja, kwanza anakipiga na ule mdomo wake mrefu, kama anakiua, halafu anageuka ndo anakuja kukimeza. Rodi ikiwa ngumu na breki ya rili imekazwa, lile pigo la kwanza tu ashasikia uzito usio wa samaki na ameenda zake. Kwa hiyo rili ya sulisuli mi naipenda ile ambayo breki yake ni ya lever, mkono wa kusukuma mbele na nyuma, sio ile ya nyota ya kuzungusha pembeni, kwa sababu lever unairudisha nyuma kabisa mshipi unatoka bila kizuizi, dole gumba juu yake usije ukajisokota, unampa, unahesabu polepole mpaka tano sita, halafu unasukuma lever taratibu mpaka kwenye alama. Na kama ndoana ni zile za duara usivute kwa nguvu hata kidogo, ziache zijizungushe zenyewe zitashika pembeni ya mdomo, hiyo ndo sababu zinapendwa kwa samaki wa kuachiwa. Sulisuli wengi Watamu wanafungwa alama ya African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia hao samaki, na kurudishwa, na ukimtoa akiwa na ndoana tumboni umemrudisha kufa.

Mshipi wa nailoni au wa breidi, ule wa kusukwa? Kwa sulisuli nailoni, wala sibishani. Nailoni inavutika. Akiruka akitingisha kichwa hewani, ule mvuto ndo unaozuia ndoana isichomoke, breidi haina huruma hiyo, inakaza papo hapo. Isitoshe kukokota mchana kutwa breidi inaweza kuteleza nzima juu ya bobini, pale mshipi unapokunjwa, kama hukuifunga na nailoni chini yake, unaona rili inazunguka lakini samaki haji.

Na breki. Hapa ndo samaki wengi wanapotea kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kanuni tunayotumia ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani thati unaiweka pauni 8 mpaka 10, kilo 4 na kidogo, na hiyo unaipima kwa mizani ya kuning'iniza kabla boti haijatoka, rodi imepinda kama inavyopinda baharini, sio kuvuta mshipi kwa kidole ukasema iko sawa. Nahodha mmoja niliyefanya naye kazi, mzee wa Lamu, alikuwa akishamaliza kupima anapiga tepu kwenye lever ili mgeni asiguse. Maana mgeni akiona mshipi unakwisha kwenye rili moyo unamwenda mbio, mkono unaenda kwenye breki anakaza. Mzee alikuwa ananiambia, "mwanangu, samaki akienda mbali mpunguzie, usimzidishie," na mi nilikuwa nasikia kama kinyume kinyume hivi mpaka siku nilipokaa nikafikiria rili yenyewe. Bobini ikiwa imejaa, mshipi unavutwa kutoka ukingoni mbali na katikati. Ikibaki nusu ya upana wake, unavutwa karibu na katikati, na breki ile ile hujaigusa sasa inauma mara mbili. Juu ya hapo kuna mita mia kadhaa za mshipi zinaburuta majini, nazo zina uzito wao. Kwa hiyo aliyeanza na kilo 4 ashafika 8 na zaidi bila kugusa kitu, akikaza tena hapo mshipi unakatika na anakuja kulaumu kampuni ya mshipi.

Ndo maana pia kwa samaki wa mbio unatafuta rili yenye tumbo, iingie mita 400 na kuendelea za thati. Rili ndogo nzuri yenye mita 200 sulisuli anaifanya nyembamba dakika ya kwanza, na ishakuwa nyembamba hesabu yako yote ya breki imeharibika.

Nduaro ni hesabu hiyo hiyo imepandishwa. Wale wenye mistari wa kilo 60, 70, 80 fifti inawatosha, ila nduaro mweusi au wa buluu anaweza kupita kilo 100 vizuri tu na huwezi kumchagua nani aje, kwa hiyo boti inayowatafuta inaweka eiti, rili kubwa, rodi zenye pete za magurudumu, kiti katikati na mikanda. Boti nayo inaongeza mwendo, vyambo vya plastiki vinakokotwa kwa kasi ya noti 7 mpaka 9 (maili za baharini kwa saa), vinatoa povu. Sina mengi hapo, ni uvuvi wa pesa, mafuta peke yake yatakutoa jasho.

Kaskazi ina samaki wengine wa kupita, felusi mmoja wao. Ukikuta gogo linaelea, au hata kamba kuukuu yenye majani, zunguka, felusi wako chini yake. Mi hupenda boti iwe na rodi moja nyepesi ya kurusha imekaa tayari na kichambo kidogo, maana felusi ukimvuta kwa fifti huoni raha wala haumpi nafasi aruke, na wako kundi, ukimwacha wa kwanza majini karibu na boti wenzake hawaondoki. Basi, twende kusi.

Kusi ndo inayowafukuza watu baharini. Inaanza kunusa mwezi wa 4 pamoja na masika, mwezi wa 6 na wa 7 ndo imekasirika kweli kweli, mawimbi nje ya mwamba hayana adabu, na upande wa Malindi mto Sabaki unamwaga matope mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, sulisuli na wenzake wa maji masafi hawataki hata kusikia. Boti za wageni nyingi zinalala. Ukiwa umenunua seti ya fifti na roho yako yote iko pale basi una miezi ya kuipangusa vumbi.

Na hapo ndo mi nasema mtu wa kawaida mwenye hela ya seti moja asianzie kwenye kaskazi, aanzie kwenye kusi. Anunue ya kriki. Kriki ya Kilifi, ya Mtwapa, ya Tudor, maji yamekingwa na upepo, ina kina, ina mikoko, na samaki wako mwaka mzima, kolekole wadogo, mzia, tembo, changu, tewa wa kwenye mawe. Seti yake haina makuu, rodi ya futi 7 imeandikwa pauni 10 mpaka 20, rili ya spini (ile inayoning'inia chini ya rodi) saizi 3000 au 4000, breidi ya pauni 15 au 20, na mbele yake lida, kipande cha mshipi mnene kinachofungwa ndoana, ya pauni 30 urefu kama wa mikono miwili. Hiyo utavua asubuhi kabla ya kazi, utavua jioni, utavua juu ya jeti, utavua kwa mtumbwi wa kuazima, na kaskazi ikija utaipeleka kwenye boti kama ile rodi ya felusi niliyosema. Hakuna seti nyingine inayofanya kazi miezi 12.

Kriki breidi ndo yenyewe, nailoni hapana, umeona nimegeuka. Kule tulikuwa tunakokota, huku unarusha na kusikiliza. Kolekole mdogo anadona kichambo mara moja tu halafu basi, na breidi inakuletea habari mpaka kidoleni, nailoni ingeimeza hiyo habari njiani. Tena breidi ni nyembamba, inaruka mbali na kichambo chepesi cha gramu 10 au 15. Ubaya wake ni mawe na chaza wa kwenye mikoko, ikigusa tu imekatika, ndo maana ile lida mbele ni lazima, na baada ya kila samaki unapitisha vidole kwenye lida ukisikia imekwaruzwa unakata unafunga upya. Tewa akikamata hapo una sekunde chache kabla hajaingia pangoni, kwa huyo breki ya robo usahau, unakaza mpaka karibu na mwisho na unamtoa kwa nguvu, akishaingia ndani amefungua vifuniko vyake vya mashavu kakwama mwambani na mshipi ni wa kukata. Yaani rili ile ile, siku ile ile, breki mbili tofauti kwa samaki wawili tofauti.

Mzia ni meno. Nguru naye meno. Hao usiwapelekee lida ya nailoni tupu utalia, weka kipande kifupi cha waya, hata shibiri moja na nusu inatosha, ukiweka waya mrefu mzito kolekole ataukataa. Nguru anavuliwa nje kidogo pembeni ya mwamba ambapo maji yanabadilika rangi, kwa kukokota vyambo vya kuzama ambavyo sisi huviita rapala hata kama ni vya kampuni nyingine, noti 4 mpaka 6, na hapo thati inarudi kazini. Nguru ana mbio ya kwanza kali halafu anachoka haraka, na mdomo wake ni laini unachanika, kwa hiyo rodi laini breki ya wastani, mtu mwenye haraka anabaki na kipande cha mdomo.

Kuna jambo moja la ufuoni ambalo halizungumzwi sana. Pwani yetu imetazama mashariki. Ukisimama ufuoni uso baharini, kusi inakupiga kutoka mbele upande wa kulia, kaskazi inakupiga kutoka mbele upande wa kushoto. Ufuo ule ule, mkono umebadilika. Wakati wa kusi ukirusha mbele moja kwa moja, mshipi unafanya tumbo kuelekea kushoto, chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, linakokotwa na mkondo nao unaelekea huko huko, dakika chache uko kwenye nailoni ya jirani yako mnagombana. Kwa hiyo kusi ufuoni inataka rodi ndefu, futi 12, ili mshipi ukae juu ya mawimbi ya kwanza, chubwi la gramu 120 mpaka 150 lenye kucha za waya za kushika mchanga, na mshipi mwembamba usibebe upepo mwingi. Rusha ukielekeza kulia juu ya upepo, mkondo utakurudishia katikati. Rili hapo ni spini kubwa ya 8000 hivi, au ile ya kulala juu ya rodi kama una mkono mzuri, mi binafsi usiku na upepo wa kusi sitaki ya kulala juu, ukiteleza dole gumba mara moja mshipi wote umejisokota ndani na taa ya kichwani inakuzidishia hasira tu. Kaskazi ikija hiyo rodi ya futi 12 inaweza kupumzika, bahari imetulia asubuhi, futi 9 na gramu 60 inatosha.

Halafu maji yenyewe. Hata ukiwa na msimu na samaki kichwani, kama hujaangalia mwezi wa angani umekosea nusu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwenye milango ya mwamba yanapita kwa kasi, na hapo ndo kolekole wakubwa wanasimama kungoja samaki wadogo wanaobebwa na mkondo. Huyo ni mnyama mwingine kabisa, kilo 20, 30, anavuliwa kwa kurusha popa kubwa, chambo bandia cha kurusha maji kikivutwa, juu ya maji, na seti yake inaweza kuwa ghali kuliko ya nduaro ukihesabu vizuri: rodi fupi ya futi 7 na nusu yenye mgongo, rili ya spini ya 14000 mpaka 18000, breidi ya pauni 80, lida ya 130 na kuendelea, breki kilo 10 au zaidi. Vyote vinazidishwa kwa sababu yuko pembeni ya mwamba na ukimwachia mita 10 amekata. Huyu namtafuta kipindi cha matlai, mwezi wa 10 na wa 11, kusi imechoka na kaskazi haijashika, boti inaweza kusogea karibu na mwamba bila kutupwa juu yake.

Maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, ni ya kuvua chini. Mkondo umelegea, unaweza kuteremsha mshipi mita 60, 80, 100 ukafika kwa changu, tewa na fuatundu na chubwi la gramu 150. Jaribu mahali hapo hapo siku ya bamvua, gramu 300 haishuki, inaenda mlalo kama tiara. Nishaona wageni wakisema pale hapana samaki. Kumbe chambo hakijawahi kufika. Kwa uvuvi wa chini na majigi, vile vyambo bandia vizito vya chuma, rodi iwe fupi, rili iwe ya nguvu kuliko kasi kama unavua changu, iwe ya kasi kama unapandisha jigi kwa fujo. Ile namba iliyoandikwa pembeni, 4.9:1, 6.2:1, maana yake ukizungusha mkono mara moja bobini inazunguka mara 4.9 au 6.2. Kubwa ni kasi, ndogo ni nguvu. Kupandisha tewa kutoka mita 100 na rili ya kasi utasema kiwiko kimetengana.

Hapo kati ya kusi kuchoka na kaskazi kuingia ndo kuna jodari, mwezi wa 8 mpaka wa 10, boti zinaanza kutoka tena, unafuata ndege nao wanakuonyesha. Jodari ni samaki aliyenifundisha urefu wa rodi. Sulisuli anakimbia juu, mbali na boti, rodi ya kawaida ya kukokota inafaa. Jodari baada ya mbio ya kwanza anaenda chini moja kwa moja, anazunguka duara chini ya boti, na sasa kazi ni kumwinua. Rodi ikiwa ndefu, ncha iko mbali na mikono yako, uzito wa samaki unazidi kukulemea, ye ndo ananufaika na urefu ule. Rodi fupi ya futi 5 na nusu ya kusimama nayo inarudisha faida kwako. Rili iwe ya gia mbili, ile unabonyeza kitufe inashuka kwenye nguvu, unamwinua kidogo kidogo kila akimaliza duara. Fifti ni sawa kwa jodari wetu, kuna wa kilo 10 na kuna wa 50, na ukitumia thati kwa kuonyesha ubabe utakaa naye saa nzima, papa waje wakuletee kichwa peke yake. Na macho yake makali, lida nene anaiona, punguza unene wala usiweke waya.

Swali la kuoanisha rodi na rili yenyewe kwa yenyewe watu wanalifanya gumu. Soma maandishi juu ya mpini wa rodi, pale wameandika pauni za mshipi na gramu za kurusha, rili ichukue mshipi huo huo kwa wingi unaotosha na breki yake iweze theluthi ya hizo pauni bila kukwaruza. Basi hapo ndoa imekamilika. Jirani yangu mmoja alipata rili ya 8000 bei ya kutupa akaifunga kwenye rodi ya futi 6 ya kriki, inaonekana vizuri ukutani, lakini inaanguka upande wa nyuma kila akirusha, mkono unachoka kabla jua halijatoka, na siku aliyokaza breki ya ile rili rodi ikapasuka vipande vitatu maana breki ilikuwa na nguvu kuliko mti wenyewe. Kingine, rili ya spini inaning'inia chini ya rodi na pete ya kwanza ya rodi yake ni kubwa ili ipokee mshipi unaotoka kwa kujizungusha, rili ya kulala inakaa juu na pete zake ni ndogo. Kuna watu wanafunga spini juu, wanazungusha mkono kinyumenyume, na wamezoea hivyo kabisa, wewe ukiwaambia wanakuona mgeni.

Chumvi ya kusi ni mbaya kuliko ya kaskazi, upepo unakuja na mchanga na matone, vinaingia kila mahali. Mi nikirudi nakaza breki kwanza, namwagia maji baridi ya kawaida kwa kikombe, sio mpira wa presha maana presha inasukuma chumvi ndani kwenye bearing, nafuta, halafu nalegeza breki kabisa kabla sijaweka. Ukiacha imekazwa miezi yote ya kusi, vile visahani vya ndani vinabanana vinashikana, na mwezi wa 12 sulisuli wa kwanza anavuta, breki inashika, inaachia, inashika, mshipi umekatika.

Kabla ya kwenda popote, Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari tangu 1968, ndani ya mipaka ya hifadhi yenyewe hakuna kuvua, hata kwa mshipi mmoja wa mkono. Uliza watu wa pale maboya yako wapi, na leseni ya kuvua iwe mfukoni.

Kama hela ni ya kubana, vya mitumba vipo, wageni wanaachia mabaharia seti zao wakiondoka na mabaharia wanauza. Rili za Penn za zamani za breki ya nyota, TLD za Shimano, ni vyuma vya kazi, vipuri vyake vinapatikana. Ukienda kuangalia rili vuta mshipi kwa mkono breki ikiwa nusu, itoke laini bila kurukaruka. Zungusha mkono karibu na sikio, ukisikia mchanga kuna bearing imekufa, hiyo inabadilishwa kwa bei nafuu, lakini gia ikiwa imelika achana nayo. Rodi ikunje kidogo ukisikiliza mlio wa kupasuka, na chukua pamba ndogo uipitishe ndani ya kila pete kuzunguka, pamba ikinasa ujue pete ina ufa ambao jicho halioni, huo utakukata breidi samaki wa kwanza. Pete moja fundi anabadilisha. Zikinasa tatu nne mwambie muuzaji ashushe bei, akikataa muachie rodi yake.